Zima Taa Tuone

"Dada, chagua rangi."

Fundi alinikabidhi rimoti nyembamba kama biskuti, yenye vitufe vya rangi zote unazozijua na nyingine ambazo hata majina hazina. Tulikuwa Mfaranyaki, hapa Songea, jua limeshazama, gari langu limefunguliwa milango yote minne kama kuku aliyezidiwa na joto. Chini ya dashibodi, kwenye milango, na kwenye nguzo mbili zinazoshika kioo cha mbele, alikuwa ameshabandika taa za mkanda. Nikabonyeza zambarau, gari zima likawa zambarau. Nikabonyeza kijani, nikawa nimekaa ndani ya jani. Nikabonyeza bluu.

"Hapo hapo, acha hapo," fundi akasema. "Bluu ndiyo inayotamba sasa hivi. Halafu sista, bluu haikuachi usinzie."

Nikaacha hapo. Nikatoa pesa, nikapiga picha tatu, nikaweka moja kwenye status, nikaondoka kuelekea Bombambili nikijiona nimepanda ndege.

Naomba niseme mapema kwamba sikuwa nafanya ushamba tu. Nilikuwa na sababu. Mimi ni mwandishi wa habari wa mkoani, na mwandishi wa mkoani ni mtu wa barabarani. Leo wakulima wa kahawa Mbinga, kesho tumbaku Namtumbo, keshokutwa unaambiwa kuna kikao Njombe na kinaanza saa mbili asubuhi. Habari haijui kwamba jua limezama. Gari langu ni IST ya mkono wa pili kutoka Japani, na ndani lina taa moja tu, ile ya juu, ambayo ukiiwasha ni kama umewasha balbu ya sebuleni na ukiizima huoni hata mkono wako. Kwa miaka miwili nimeendesha usiku peke yangu ndani ya giza hilo. Anayeijua njia ya Njombe anakijua kile kipande cha Madaba mpaka Lukumburu: kona, mlima, miti, kona tena. Mwanamke peke yake ndani ya gari, saa tano usiku, redio imeshapoteza mawimbi. Unaanza kusikia vitu kwenye siti ya nyuma. Nilitaka taa ndogo ya kuniambia kwamba niko na mtu. Ndiyo hiyo tu.

Na kuna jambo jingine, la kimji. Sisi wa Songea tuna historia yetu na taa. Mpaka mwaka 2018, laini kubwa ya umeme kutoka Makambako ilipotufikia na kutuunganisha na gridi ya Taifa, mji huu uliishi kwa majenereta ya dizeli, na penye jenereta pana mgao. Mtu aliyekulia kwenye mgao haitazami taa kama wanavyoitazama wengine. Umeme ukirudi mtaa mzima ulikuwa unashangilia kama Majimaji wamefunga goli. Kwa hiyo ukiona gari la mtu wa Songea linang'aa ndani kama duka la simu, usimcheke haraka. Kuna utoto unalipiwa pale.

Aliyecheka alikuwa baba.

Baba ni dereva mstaafu wa malori. Amebeba mahindi ya Ruvuma kwenda Dar es Salaam miaka ambayo safari hiyo ilikuwa ya siku na siku, na akarudi na sabuni, chumvi na mabati. Nilipomwonyesha gari, alilizunguka mara moja, akachungulia ndani, akauliza, "Hii gari au baa?" Nikacheka. Hakucheka. Akauliza tena, "Sasa huko nje utaona nini?"

"Baba, taa za mbele zipo. Hizi ni za ndani."

"Nimeona ni za ndani. Nimekuuliza ya nje."

Nikamjibu kama tunavyowajibu wazee wetu, kwa tabasamu la heshima na sikio lililofungwa. Nilishamjua. Enzi zake kwenye lori, mtoto aliyewasha taa ya kabini gari likiwa linatembea aliambiwa mara moja tu. Mama anasimulia mpaka leo kwamba chupa zake za rangi ya kucha zilikuwa zinaisha bila yeye kupaka: baba alikuwa anachukua ile nyekundu, anapaka balbu za dashibodi, ili mishale ionekane kwa mbali na mwanga usimpige machoni. Nilikuwa nasikia hadithi hiyo kama kichekesho cha ndoa.

Miezi miwili ikapita. Bluu yangu ikawa rafiki. Lukumburu nilikuwa napita naimba.

Kisha tukapata msiba Mbinga. Rafiki wa baba, dereva mwenzake wa zamani, alifariki, na baba akasema lazima amzike. Tukaenda asubuhi. Ule mwendo wa mchana kuingia umatengoni ni wa kufurahisha, milima imechimbwa ngoro kila mahali, mashimo kwa mashimo kama asali ya nyuki. Tulizika saa kumi, tukala, wazee wakakumbushana, na mpaka tunaaga ilikuwa saa mbili usiku. Ndugu wa marehemu walitusihi tulale. Mimi nilikuwa na habari ya kutuma asubuhi. Nikasema tutakwenda taratibu.

Tulipotoka mjini nikawasha taa zangu za bluu. Baba hakusema neno. Baada ya kilomita chache alivua kofia yake, akaitundika juu ya ile taa ya mlangoni kwake, kisha akakinga mkono kwenye ile ya nguzo iliyokuwa mbele yake, akakaa hivyo, kiganja kimeegemea pale kama mtu anayempima mtoto homa. Nilikasirika kidogo. Niliona ananisema bila kusema.

Barabara ya Mbinga kuja Songea sasa ni lami nzuri, na uzuri wake ndio hatari yake, maana unasahau. Halafu pale Kitai inaingia njia inayotoka kwenye migodi ya makaa ya mawe, kwa hiyo kuanzia hapo unaishi na malori. Malori ya makaa ya mawe yana tabia moja mbaya usiku: kila kitu chake kimepakwa vumbi jeusi. Bodi nyeusi, turubai jeusi, na stika za kuakisi, kama zipo, zimefunikwa na mzigo wenyewe.

Tulikuwa tumeshapita Kitai. Nilikuwa kwenye sabini hivi. Gari lilikuwa linakuja mbele yetu, tukapishana, mimi nimeshusha taa kwa adabu, naye alishusha zake akiwa ameshanimaliza macho. Ndipo baba akasema, "Matawi."

Hakupiga kelele. Alilisema kama mtu anayesoma kibao cha njiani. "Matawi. Matawi, mwanangu, simama!"

Kila anayesafiri nchi hii anajua matawi yana maana gani. Ukikuta majani mabichi katikati ya barabara, mbele kuna gari limekufa. Ni alama ya kwanza ya barabarani ambayo mtoto wa Kitanzania anajifunza, kabla ya zile za kwenye vitabu. Mimi sikuwa nimeyaona. Niliyaona pale aliposema, na wakati huo yalikuwa yameshaanza kusagika chini ya matairi. Nikakanyaga breki mpaka mwisho. Gari likateleza, likayumba, likasimama.

Mbele yetu, hatua kama sita, alikuwa amesimama kijana mwenye mzigo wa majani kifuani. Utingo. Alikuwa bado anayapanga. Fulana nyeusi, mikono myeusi kwa makaa, suruali nyeusi, na nyuma yake ukuta mweusi wa lori lisilokuwa na hata taa moja. Hakuwa amekimbia. Alibaki amekumbatia yale majani.

Nilishuka miguu inatetemeka. Yeye ndiye aliyenipa pole, fikiria. "Pole dada," akasema. Kisha akauliza, kwa mshangao wa kweli, bila hasira: "Kwani hukuniona?"

Nilishindwa kujibu.

"Maana mimi nilikuona toka kule kwenye kona," akasema. "Nilikuona mpaka uso. Nikajua na wewe umeniona."

Baba alikuwa ameshashuka. Alimsalimu yule kijana, akapokea salamu yake, akachukua nusu ya majani kutoka mikononi mwake na kuanza kurudi nyuma nayo kule tulikotoka. "Ongeza umbali," akamwambia. "Hapa kuna kona, hatua hamsini hazikusaidii." Wakayapanga upya, mzee wa miaka sabini na kijana wa ishirini, huku mimi nimesimama kando ya gari langu zuri. Milango ilikuwa wazi. Nikalitazama kwa mara ya kwanza kutoka nje, gizani. Lilikuwa linang'aa kama kabati la vioo. Mtu ungeweza kuhesabu noti kwenye pochi yangu.

Tuliporudi ndani, baba alikaa, akafunga mkanda, akasema, "Zima taa, tuone."

Nikazima zote, na za mbele pia, kwa kuwa tulikuwa tumeshajitoa kabisa barabarani. Tukakaa. Mwanzoni ilikuwa giza la kuzimu. Kisha nikaanza kuona ukingo wa lami. Kisha mstari wa miti dhidi ya anga. Kisha yule kijana, kule mbali, akitembea na majani yake. Alikuwa pale muda wote.

Nilipofika nyumbani sikulala. Nikafanya ninachojua kufanya, nikasoma.

Naomba nikupe kwa ufupi niliyoyapata, maana yanamhusu yeyote mwenye gari na yeyote anayepanda gari la mtu. Nyuma ya jicho kuna seli za aina mbili za kupokea mwanga. Zipo za umbo la pia, za mchana, zinazojua rangi. Zipo za umbo la vijiti, za usiku, ambazo rangi hazizijui lakini zinaokota hata chembe ya mwanga. Vijiti vinafanya kazi kwa kemikali iitwayo rodopsini. Mwanga ukiipiga inavunjika, na kujijenga upya inachukua muda. Jicho linalotoka kwenye mwanga na kuingia gizani linahitaji kama nusu saa kuzoea kikamilifu. Kuivuruga nusu saa hiyo ni kazi ya sekunde chache. Na rodopsini ina upendeleo. Mwanga inaoupokea zaidi ni ule wa kati ya bluu na kijani, karibu nanomita 500. Mwekundu, ukishapita nanomita 620 hivi, karibu hauioni kabisa. Mcheki mmoja, Jan Evangelista Purkyně, aliliona hilo kwa macho yake mapema karne ya 19: maua mekundu yanayowaka mchana, jioni ndiyo ya kwanza kuwa meusi, huku ya bluu yakibaki yanaonekana. Ndiyo maana katika Vita Kuu ya Pili marubani waliosubiri kuruka usiku walikaa wamevaa miwani myekundu. Ndiyo maana mama alikuwa anaibiwa rangi ya kucha. Baba hajawahi kusikia neno rodopsini maishani mwake.

Watengeneza magari nao wamegombana juu ya jambo hili. BMW kwa miaka mingi waliwasha dashibodi zao kwa rangi ya chungwa lililoiva. Volkswagen, mwishoni mwa miaka ya 1990, wakaja na bluu yenye mishale myekundu, na vijana wakaipenda. Saab wa Sweden, ambao chimbuko lao ni kiwanda cha ndege, waliweka kitufe cha kuzima karibu kila kitu kwenye dashibodi usiku na kuacha mwendokasi peke yake. Mwaka 2016 Mercedes wakatoa E-Class yenye rangi 64 za kuchagua. Kutoka kitufe cha kuzima mpaka rangi 64: hapo kuna habari nzima juu ya tunavyolitazama gari siku hizi, kama chumba cha kukaa badala ya chombo cha kwenda.

Lakini fundi wangu naye hakuwa mwongo, na haki yake lazima nimpe. Kuna utafiti wa Ufaransa, wa mwaka 2012, ambao watafiti wa Bordeaux waliwachukua wanaume 48 wakawaendesha usiku kwenye barabara kuu kilomita 400. Usiku mmoja waliwekewa taa ya bluu kwenye dashibodi, usiku mwingine walipewa kahawa, mwingine wakapewa kahawa iliyoondolewa nguvu yake bila wao kujua. Taa ya bluu iliwasaidia kubaki kwenye mstari wao kama kahawa ilivyosaidia. Bluu kweli inaufukuza usingizi; inauambia ubongo kwamba bado ni mchana. Ila katika wale 48, wanane hawakuweza kumaliza safari ya bluu kwa sababu iliwaumiza macho. Yaani inakukesha, halafu inaweza kukupofusha ukiwa macho. Mimi ninayeishi mkoa wa kahawa ya Mbinga nikajicheka. Kahawa haijawahi kuakisi kwenye kioo cha mbele.

Na hapo kwenye kioo ndipo penyewe. Nilidhani swali ni rangi, kumbe rangi ni swali la tatu. Dereva mwenye taa za mbele hafikii lile giza la rubani hata siku moja. Lami yenyewe inamrudishia mwanga. Swali la kwanza ni kiasi: mwanga wowote ukizidi, hata uwe mwekundu, ni mwingi. Swali la pili ni mahali. Zile taa nilizobandikiwa kwenye nguzo na juu ya dashibodi zilikuwa zinajichora kwenye kioo, na mimi nilikuwa natazama barabara kupitia picha ya gari langu mwenyewe. Kwenye mwendo wa 80 gari linakula mita 22 kila sekunde. Utingo mwenye fulana nyeusi anahitaji kila mita.

Nikamkumbuka bibi.

Bibi alikuwa anakaa Maposeni, njia ya Peramiho, na kwake taa ilikuwa kibatari. Mtu akipiga hodi usiku, bibi hakwenda mlangoni na kibatari mkononi. Alikiacha chumbani, au alikikinga kwa kiganja, akasimama gizani kidogo, ndipo akafungua. Niliwahi kumuuliza kwa nini asiende na taa amwone mgeni vizuri. Akasema, "Ukishika taa, mgeni ndiye anayekuona wewe." Nikadhani ni mambo ya wazee na hofu zao za wanga.

Wapenzi wa lugha mtaniwia radhi, maana neno hili limenikaa kichwani tangu usiku ule. Kwa Kiswahili mwanga ni kitu kinachotuondolea giza. Na mwanga, wingi wake wanga, ni mchawi wa usiku, yule anayecheza uani kwako na wewe humwoni. Wataalamu wa kamusi wanayaweka kama maneno mawili, kila moja na ngeli yake, na bila shaka wana sababu zao. Lakini dereva hana kamusi usukani. Mimi nimeendesha miezi miwili na mwanga wa ngeli zote mbili, na sikujua yupi ni yupi. Nilitaka kufukuza watu wa siti ya nyuma, ambao hawakuwepo, nikaishia kuwafuta watu wa kando ya barabara, ambao wapo.

Maana wapo, na ni wengi. Sisi tunaoendesha tunaiita barabara ya magari. Usiku, kati ya Songea na Mbinga, barabara ni ya mama anayetoka kilabuni kuuza pombe, ya kijana anayesukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa, ya wanakwaya wanaotoka mazoezini, ya mlevi, ya mtoto aliyetumwa. Hawana taa. Wanachokitegemea ni imani moja, ileile ya yule utingo: kwamba kwa kuwa wao wanakuona, nawe unawaona. Tangu mwaka 2023, Serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku baada ya katazo la miaka mingi, magari makubwa yameongezeka katika saa hizo. Panda mojawapo uangalie. Ndani ni zambarau na bluu kama ukumbi wa harusi, na yule dereva mwenye akili utamwona ametundika pazia nyuma ya kiti chake. Nilikuwa nadhani pazia lile ni la kujificha asisumbuliwe na abiria. Sasa najua anajitafutia giza lake la kufanyia kazi.

Wiki ile ile nikarudi Mfaranyaki.

"Imeungua?" fundi akauliza.

"Haijaungua. Nataka uitoe."

Alinitazama kama daktari anayeambiwa dawa imeponya lakini mgonjwa hataki tena. Nikamsimulia habari ya utingo. Akanyamaza, akachukua bisibisi. Ila sikumwambia atoe zote, na hapa ndipo mimi na baba tulipoachana. Baba anataka giza tupu. Baba hajawahi kuwa mwanamke peke yake Lukumburu saa tano usiku, na zamani zake hakuwa na simu yenye kioo kinachowaka kama karabai kila ujumbe unapoingia. Giza tupu likikatwa na kioo cha simu ni baya kuliko mwanga mdogo uliotulia.

Basi tulichofanya ni hiki, na ukitaka kuiga, iga. Za kwenye nguzo, za dashibodi na za milangoni zilitoka. Zikabaki vipande viwili vifupi chini ya siti za mbele, vimegeuziwa sakafuni, hivi kwamba unaona zulia likiwa na mwanga lakini balbu yenyewe huioni ukikaa popote. Rangi nikachagua ya chungwa linaloelekea wekundu, nikaishusha mpaka kiwango cha chini kabisa. Fundi akaipitishia fyuzi yake na swichi yake, mahali ambapo mkono unafika bila jicho kutafuta. Simu nayo nikaishusha mwanga na kuiweka chini. Kioo cha mbele nikakisafisha kwa ndani, maana utando wa vumbi na pumzi zetu ndio unaoukamata mwanga na kuusambaza.

Kisha tukafanya jaribio alilolisema baba, la bure kabisa. Tulikwenda na fundi kwenye kiwanja kisicho na taa, nikakaa kwenye usukani, nikanyoosha mkono juu ya dashibodi. Ukiuona mkono wako kwenye kioo, mwanga umezidi. Tulipunguza mara mbili mpaka mkono ukapotea.

"Sasa dada, hii mbona kama haipo?" fundi akasema kutoka siti ya nyuma.

"Unaona viatu vyako?"

"Naviona."

"Basi ipo."

Alicheka. Aliniambia ana magari matano yanayosubiri bluu kwa wiki hiyo, na mawili ni ya abiria. Nikamuuliza kama atawaambia. Akasema mteja akija na pesa yake na rangi yake kichwani, fundi atasema nini? Baadaye kidogo akasema labda zile za kwenye nguzo ataacha kuzibandika. Niliichukua hiyo kama ilivyo.

Mwezi uliopita nilirudi Mbinga kwa kazi, peke yangu, na nikachelewa kama kawaida yangu. Nilinunua kahawa kwenye chupa. Nilipopita taa ya mwisho ya mji nikabonyeza swichi, hata ule wekundu wa miguuni ukaondoka, na woga ukaja ukakaa siti ya nyuma. Nikamwacha akae. Baada ya Kitai, pale pale kwenye kona yetu, nilimwona mtu akisukuma baiskeli. Nilimwona kwa mbali sana, kabla taa zangu hazijamfikia sawasawa, kipande cha giza kinachotembea tofauti na giza lingine. Nikapunguza mwendo, nikashusha taa, nikampisha kwa upana.

Alinyoosha mkono kunishukuru. Nikampungia na mimi, ingawa najua mle ndani hakuona kitu.